Nyeupe ya usiku: tulivyonunua lesi ya bi harusi Bangkok



Tangu turudi safari, kila anayeingia dukani anatuuliza maswali matatu: Bangkok mlikula nini, bei ni rahisi kweli, na hayo masoko ya usiku yakoje? Tutayajibu yote inshallah. Lakini lipo jambo la nne ambalo hakuna aliyetuuliza, kwa sababu hakuna aliyeliona. Ni habari ya mita nane za lesi nyeupe, na kosa lilikuwa letu wenyewe.

Kwa wasiotujua, sisi ni ndugu wawili wa tumbo moja, tuna duka moja na charahani tatu. Tulimaliza sekondari, tukasomea ushoni pamoja, na mpaka leo tunashona nguo za harusi. Miaka yote tulikuwa tukinunua vitambaa Kariakoo, kwa watu waliovitoa Bangkok na Guangzhou, mpaka siku tulipoambiana: kwa nini tusiende wenyewe? Mwezi wa Novemba 2024 tukafunga safari na kaka yetu. Tulimchukua kwa sababu mbili. Ya kwanza, ni maharimu wetu. Ya pili, ana mgongo wa kubebea mizigo.

Tulikwenda na daftari. Ndani yake mlikuwa na maombi ya mabibi harusi saba wa miezi ya Rajabu na Shaabani, na wote walikuwa wametulipa kabla. Mmoja wao mama yake anatoka Wete. Mama yule aliuza karafuu, akavuka bahari, akaja dukani akafungua pindo la kanga yake na kutuhesabia pesa moja moja. Akasema, "Nataka lesi nyeupe. Si rangi ya maziwa, si krimu. Nyeupe." Tukaandika neno "nyeupe" na kulipigia mstari chini. Pesa ile, wapenzi, ilikuwa amana.

Tulifikia hoteli ndogo mtaa wa Pratunam, chini ya jengo refu la Baiyoke. Pratunam ndiyo roho ya nguo za jumla pale Bangkok. Kuna maduka ya ghorofa yenye viyoyozi, kama Platinum, kuna vichochoro vya vibanda, na kuna wachuuzi wa njiani. Utaratibu wao mwepesi: ukichukua nguo moja ni bei ya rejareja, na mara nyingi ukichukua kuanzia tatu unapewa bei ya jumla. Kiingereza chao kidogo na chetu kidogo, kwa hivyo mazungumzo yote hufanywa na mashine ya hesabu. Muuzaji anabonyeza bei yake anakuonesha, nawe unabonyeza yako unamrudishia, mnacheka, mnaendelea mpaka mtu achoke.

Tulijifunza kuuliza bei: thao rai kha. Hiyo "kha" ya mwisho ni adabu, na ni ya wanawake tu. Kaka yetu hakujua. Akaingia duka la viatu akasema "thao rai kha" kwa sauti nzito ya mwanamme wa Kiunguja, wasichana wa duka wakacheka mpaka wakakaa chini. Mwanamme husema "khrap". Tangu siku hiyo akawa haulizi bei, ananyoosha kidole.

Mambo mawili mengine tuliyaona sokoni. Asubuhi, muuzaji akishapata mteja wa kwanza, huchukua zile noti akazigusisha kwenye bidhaa zake moja moja, akitaka heri ya siku nzima. Sisi tunasema Bismillahi na kumuachia Mwenyezi Mungu, lakini ile hamu ya riziki ya asubuhi tuliifahamu. La pili, noti zao zina picha ya mfalme. Ikikuponyoka usiizuie kwa mguu. Wao wanamheshimu sana mfalme wao, na utamkera mtu bila ya kujua.

Sasa usiku. Na hapa kuna jambo lililotufurahisha. Wathai wana saa yao ya kienyeji ya jioni, nayo inahesabiwa kama yetu! Saa moja usiku kwao ni "moja" pia: nueng thum. Saa mbili ni song thum, ya pili. Mzungu analazimika kuanza kuhesabu upya, lakini Mswahili yuko nyumbani.

Inapofika hiyo saa moja, njia zinabadilika. Mahali palipokuwa na watu wanapita mchana panakuwa na meza, turubai na taa nyeupe zinazoning'inia. Utaona nguo, mikoba, vipodozi, soksi, vifuniko vya simu, na vyakula vya kila namna. Kuna nyama kwenye vijiti, samaki, matunda yaliyomenywa na kukatwa, na wapo wanaouza panzi na nge wa kukaanga kwa watalii wanaotaka kupiga picha. Nguruwe wamejaa, hasa Yaowarat, mtaa wa Wachina, na mwiko mmoja hugeuza kila kitu. Kwa hivyo tulijiwekea sharti: hatuli kwa harufu, tunakula kwa alama. Vyakula vilivyothibitishwa vina alama ya halali inayotolewa na Kamati Kuu ya Kiislamu ya Thailand, na vibanda vingi vya Waislamu huandika neno halali kwa Kiarabu mbele kabisa.

Na Waislamu wapo. Kuna akina mama wenye mitandio na wanaume wenye kofia wanaosukuma vigari vya roti. Roti yao ni chapati yetu, ila wanaipiga hewani mpaka inakuwa nyembamba kama karatasi, wanaikaanga, wanatia ndizi na yai, kisha wanamiminia maziwa mazito ya kopo. Kuna pia khanom krok, unga wa mchele na tui vinavyopikwa kwenye chuma chenye vishimo. Tulipoiona tulitazamana: vitumbua hivi! Na wali wao wa kunata wenye tui na embe bivu ni wa kumsahaulisha mtu safari. Mwenye kuzoea Forodhani hatapata tabu, ila kule Forodhani haimaliziki.

Usiku wa tatu tukaambiwa tusikose Pak Khlong Talat, soko la maua karibu na mto Chao Phraya. Linauza mchana na usiku, lakini mzigo mpya unaingia usiku wa manane, na ndio wakati wa kwenda. Tulitangulia kupitia Sampeng na Phahurat, mitaa ya vitambaa iliyo jirani. Maduka yalikuwa yameshafungwa, lakini njiani palikuwa na wachuuzi wachache wametandika mabaki ya majora. Bibi mmoja mtu mzima alikuwa na lesi. Tukasimama.

Wapenzi, ilikuwa nzuri. Maua madogo yaliyodariziwa, ukingo wa mawimbi, na chini ya taa yake ilikuwa nyeupe inayochoma macho. Bei ilikuwa theluthi mbili ya tulizozisikia mchana. Mwanamke mwingine alikuwa keshaishika ncha anaipapasa, nasi tukaingiwa na ile hofu ya mnunuzi, kwamba tukisita itakwenda. Tulibonyeza mashine mara mbili tu. Mita nane zikakunjwa zikatiwa mfukoni, tukaondoka na furaha ya watu waliookota dhahabu.

Tukafika kwenye maua. Hatujui namna ya kukuelezeni. Marundo ya asmini kwenye mifuko, mawaridi yaliyofungwa kwenye magazeti, na akina mama wamekaa chini wanatunga kwa sindano ndefu makoja yanayoitwa phuang malai. Vidole vyao vilikwenda kama vya bibi zetu wanapotunga vikuba. Makoja yale watu wa huko huyapeleka kwenye masanamu na mahali pao pa ibada, huyatundika kwenye gari, na huwapa wazee wao kwa heshima. Asmini pia ndiyo ua la siku yao ya mama, tarehe 12 Agosti. Hatukununua makoja, kwa sababu hatukutaka kubeba kitu kilichotungwa kwa ajili ya ibada isiyo yetu. Tulinunua asmini tupu, za kupima. Usiku ule tulizimwaga kitandani kama wanavyotandikiwa mabibi harusi, tukalala na harufu ya nyumbani.

Baada ya Alfajiri, jua lilipotoka, tulifungua dirisha ili tukunje vizuri vitambaa. Tukaitandaza lesi.

Mita tano zilikuwa nyeupe. Mita tatu zilikuwa na manjano, kama jino la mtu mzima. Vilikuwa vipande viwili vya majora mawili, vimezungushwa pamoja. Fundi yeyote anajua kuwa kitambaa kilichotiwa dawa siku moja hakifanani kabisa na kilichotiwa siku nyingine. Anajua pia kuwa nguo nyeupe nyingi hutiwa dawa ya kuzing'arisha, na taa zenye mwanga wa buluu huzifanya zing'are kuliko zilivyo. Mwalimu wetu wa ushoni alikuwa akitutoa nje ya darasa na kitambaa mkononi, akisema rangi haisomwi chini ya taa. Tulijua haya yote. Tulisahau kwa dakika tano, na dakika tano zilitosha. Wala hatumuiti yule bibi mwizi. Pengine na yeye aliuziwa usiku.

Hapa ndipo palipokuwa na mtihani, na tunawaambia kama ulivyokuwa. Mmoja wetu alisema, "Vipande vya manjano tutavitia nyuma, chini ya mtandio. Harusi yenyewe ya usiku, ukumbi una taa kama hizi hizi. Nani atajua?" Mwengine akasema, "Ukumbini hatajua mtu. Lakini asubuhi yake bi harusi ataitandika ile nguo kitandani aitazame." Hatutasema nani alisema lipi, kwa sababu kusema kweli maneno yote mawili yalikuwa vichwani mwetu sote.

Tukakumbuka kile kisa tunachokijua tangu chuoni. Mtume wetu (S.A.W.) alipita sokoni akakuta chungu ya nafaka, akatia mkono ndani, vidole vikatoka na majimaji. Mwenye mali akasema ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuuweka ule ulioroa juu watu wauone, kisha akasema kuwa mwenye kudanganya si katika yeye. Tumekisikia kisa kile mara ngapi, na kila mara tulijiona sisi ndio wateja. Asubuhi ile tuliona kuwa sisi ndio wenye chungu ya nafaka, na kipande cha manjano ndio ule ulioroa.

Kaka yetu alikuwa anafunga maboksi kwa kamba. Hakuinua kichwa. Alisema neno moja tu: "Pesa si yenu."

Tulingoja mpaka saa tano asubuhi, ambayo Zanzibar ni saa moja, tukampigia mama wa Wete.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Mko salama?"

Tukamwambia yote: tumenunua usiku, haraka, lesi haiko sawa. Akanyamaza. Tulisikia jogoo anawika upande wake.

"Sasa mtanirudishia pesa au kitambaa?"

"Kitambaa, mama. Nyeupe uliyoitaka. Gharama ni juu yetu."

Akanyamaza tena, kisha akasema, "Haya. Basi nunueni mchana."

Hakutulaumu, na hakutusifu kwa kusema kweli. Kwake yeye kusema kweli ndio mwanzo wa kazi, si jambo la kupigiwa vigelegele.

Gharama ilikuwepo, na tunaisema ili msidhani uaminifu ni maneno matamu. Tulikuwa tumetenga pesa za dazeni nne za mitandio, na mitandio ile ndiyo ilikuwa faida yetu ya safari. Tukaifuta daftarini. Tukarudi Phahurat jua likiwa kichwani. Mtaa ule ni wa Wahindi, wengi Masingasinga, na hekalu lao lenye kuba la dhahabu linaonekana kwa mbali. Tukaingia duka la mzee mmoja mwenye kilemba. Tukamuomba tulitoe jora nje. Hakukasirika. Alimwita kijana ashike ncha ya pili, tukaikunjua lesi yote njiani, mita kwa mita, tukilinganisha na karatasi nyeupe tuliyoichana kwenye daftari. Wapita njia walitupisha. Mwanzo mpaka mwisho ilikuwa nyeupe moja. Tukalipa, alhamdulillah.

Ijumaa tulikwenda msikiti wa Darul Aman, Petchaburi Soi 7, mbali kidogo na Pratunam lakini kwa miguu unafika. Kichochoro kizima ni vyakula vya halali, na ndipo tulipokula tukashiba bila ya kuuliza. Nyuma yake, ukielekea mfereji wa Saen Saep, kuna mtaa wa Ban Krua. Wenyeji wake ni Waislamu wa kabila la Cham, wazee wao walitoka Kambodia zaidi ya miaka 200 iliyopita, na kazi yao ilikuwa kufuma hariri. Mmarekani Jim Thompson, aliyeitangaza hariri ya Thailand duniani baada ya Vita vya Pili, vitambaa vyake vya mwanzo vilifumwa na familia za mtaa huu, na nyumba yake iko ng'ambo ya mfereji. Wafumaji waliobaki sasa ni wachache. Tulisimama kwenye mlango wazi, karibu na mtambo wa mbao, tukasikia ule mlio wa tak, tak, na tukawaza kuwa hariri inayovaliwa dunia nzima imepitia mikono ya wanawake wanaosikia adhana kama sisi.

Kwa wale mnaopanga kwenda, au mnaomtuma mtu, haya ndiyo tuliyotoka nayo.

Usiku nenda kula, kutembea, kununua maua na vitu vidogo vidogo. Kitambaa cha harusi nunua mchana, na kitoe mlangoni. Beba karatasi nyeupe, maana jicho pekee husahau. Kikunjue chote, si mita ya juu tu.

Ukiambiwa hariri, omba nyuzi chache uzichome nje. Hariri ya kweli hunuka nywele zilizoungua na majivu yake husagika. Ikiyeyuka ikawa tone gumu, hiyo ni plastiki. Na tafadhalini, msituombe hariri ya kanzu ya bwana harusi ifanane na ya bi harusi. Kwetu sisi wanawake ni halali, kwao wanaume ni haramu. Tutawatafutia pamba nzuri ya rangi hiyo hiyo.

Chatuchak ni soko la Jumamosi na Jumapili, lina maelfu ya vibanda. Nenda asubuhi kabla ya joto, na ukipenda kitu kinunue hapo hapo, kwa sababu kibanda hutakiona tena. Risiti zetu za 2024 zilionesha mwaka 2567, usishangae, wao wanahesabu kwa kalenda ya Kibudha, miaka 543 mbele yetu.

Na pesa ya mtu iweke mfuko wake. Sisi sasa kila bi harusi ana bahasha yake yenye jina, ili mkono usisahau unashika ya nani.

Gauni la Wete tulilishona kwa lesi ya Phahurat, na mwezi wa Rajabu likavaliwa. Mama yake alikuja kulichukua mwenyewe. Alilitoa mpaka barazani, akalinyanyua juani, akalitazama mbele na nyuma, kisha akalikunja bila ya neno akalitia kwenye mkoba. Sisi tulisimama mlangoni tukimtazama anavyotazama.

Ile lesi ya usiku bado tunayo. Tumeitundika dukani, vipande viwili ubavu kwa ubavu, karibu na dirisha. Anayetaka kununua atauziwa kwa bei ndogo, na kwanza tutamuonesha mahali rangi inapobadilika. Mpaka leo hakuna aliyeinunua, lakini inafanya kazi yake. Kila bi harusi anayeingia anauliza hii ni nini, nasi tunamsimulia.

Mwenyezi Mungu azibariki ndoa zenu, na aibariki riziki ya kila mwanamke anayetafuta kwa mikono yake. Amin.

Wabillahi tawfiq, wassalaam alaykum.